Robo ya Tangi

Neno la kwanza la mjane halikuwa salamu.

"Yule askari wako wa hifadhi," alisema Twyla Stubblefield, amesimama kwenye ngazi ya gari-nyumba lake, mkono kiunoni, "ananiambia mume wangu kajiua kwa uzembe. Kama na wewe umekuja na wimbo huohuo, usipande. Geuza gari urudi mjini."

"Mimi sijaimba kitu bado, mama," alijibu Marisela Urquidi. "Natoka ofisi ya sherifu. Askari wa hifadhi ana bosi wake, nami nina wangu."

Mjane alimpima kwa macho.

"Panda basi. Lakini futa miguu. Vumbi la siku mbili linatosha."

Urquidi aliinama afute miguu, akakuta soli ya kiatu chake cha kushoto ina kitu cheusi kinachonata. Lami. Aligeuka akatazama alikopita. Ubavuni mwa gari-nyumba, chini ya kifuniko cha tangi la petroli, palikuwa na doa la lami iliyolainika, na alama ya kisigino chake ilikuwa imezama katikati. Kwingine kote uwanja ulikuwa mgumu kama jiwe, kwa kuwa jua lilikuwa halijavuka bega la mlima. Alilitazama doa lile kwa kitambo, kisha akapanda.

Kambi ya Cerro Pardo haiwapi wageni nguzo ya umeme wala bomba. Ni uwanja wa lami chini ya mlima mkavu, umechorwa mistari, na magari ya kulala hupangwa humo ubavu kwa ubavu kama ng'ombe kwenye hori. Kila mtu huja na maji yake na mwanga wake, na huondoka na uchafu wake. Wanaokuja hapo mara moja hawarudi. Wanaorudi, kama Harlan Stubblefield, hurudi kila mwaka mpaka wafe.

Maiti ilikuwa imeshachukuliwa. Kitanda kilibaki na shimo la mwili mmoja, upande wa dirishani. Kwenye rafu palikuwa na miwani, kikombe cha kahawa nusu, na kitambaa cha mkono kilichokunjwa pembe nne. Dirisha lilikuwa wazi.

"Ulilikuta wazi hivi?"

"Sijagusa kitu. Nilienda mjini kufua na kujaza madumu ya maji. Dhoruba ikafunga barabara, nikalala kwa dada yangu siku mbili. Leo asubuhi nimerudi na barafu yake, na mikate ya maharage aliyoniagiza, nikamkuta..." Aliendelea kwa sauti ileile kavu. "Uso mwekundu. Kama mtu aliyelala juani."

Urquidi alikuwa ameshaona nyuso za rangi hiyo. Ni gesi ya moshi wa injini, ile isiyo na harufu, inayomlaza mtu akidhani amechoka tu.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Corbin Haskew, askari wa hifadhi, aliingiza kofia kwanza, mwili baadaye.

"Afande, ungenipigia kwanza. Hili jambo limeshajulikana. Mzee kawasha jenereta yake akalala nayo. Moshi ukamrudia. Kambi nzima imesikia mngurumo usiku kucha. Tangi lake nimeliangalia, limekauka hata tone hakuna. Kuna kitu gani tena?"

"Kuna mimi," alisema Twyla. "Mimi ndiye kitu. Harlan ametengeneza majokofu na majenereta ya watu miaka yote ya ujana wake. Alikuwa anawafokea wengine, 'Usilale injini ikiwaka!' Leo wewe mtoto wa juzi unaniambia alilala nayo?"

"Mama, hata fundi hujikata kwa msumeno wake."

"Toka kwenye nyumba yangu."

"Mama Stubblefield..."

"Toka!"

Haskew alimtazama Urquidi kama anayeomba msaada. Urquidi hakumpa. Alikuwa amesogea kwenye kibao kidogo juu ya sinki, ambacho gari-nyumba lolote huwa nacho, akabonyeza kitufe cha betri. Zilitakiwa ziwake taa nne. Haikuwaka hata moja.

"Betri zimekufa," alisema.

"Lazima zife," Twyla alijibu. "Paneli za juu ya paa zimefukiwa na vumbi siku mbili. Panda uone."

"Na king'ora cha gesi kinatumia betri hizihizi?"

Mjane alifumba macho. "Hizihizi."

"Haskew, usitoke kwanza. Jenereta ya ndani ikinguruma usiku kucha, betri zinakuwaje?"

Askari alikuna shingo. "Zinajaa."

"Bonyeza mwenyewe."

Alibonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama kwamba kibao ndicho kilichokosea.

"Labda chaja mbovu," alisema.

"Labda. Ndiyo maana bado sijamkamata mtu." Urquidi alimgeukia mjane. "Mzee alikuwa na ugomvi na nani hapa?"

Twyla alinyoosha kidole kuelekea dirisha lililokuwa wazi. Nje yake, umbali ambao mtu angeweza kuruka, palikuwa na ubavu wa trela kubwa jeupe lenye viyoyozi viwili juu. Mbele yake, mwanamume mnene aliyevaa kaptura alikuwa anazungusha mpini wa kushusha trela kwenye gari lake la kuvuta. Alikuwa anafungasha.

"Roscoe Dunnigan," alisema Twyla. "Anawasha kelele zake asubuhi mpaka usiku. Wiki iliyopita Harlan alimwambia mbele ya watu, 'Bwana, mtu asiyeweza kuishi usiku mmoja bila ngurumo akalale kituo cha petroli.' Watu wakacheka. Yule hakucheka. Harlan akaenda kwa huyu," akamtupia Haskew jicho, "akamshitaki. Huyu akamwonya Dunnigan mara moja, akaenda zake kula."

"Nilimwonya kwa mujibu wa kanuni," alisema Haskew.

"Kanuni zako hazijanizikia mume."

Urquidi alishuka. Mpaka wa New Mexico haukuwa mbali. Trela lile likishaingia barabara kuu, lingeoshwa kwenye kituo chochote cha magari makubwa, na mwenye nalo angekuwa na muda wa kutunga hadithi na kuitia chumvi. Aliingia kwenye gari lake la kazi, akaliendesha polepole, akaliegesha mbele kabisa ya pua ya gari la Dunnigan, akazima, akatia funguo mfukoni.

"Hee!" Dunnigan alisimama wima. "Bibie, umeniziba."

"Nimeona. Utaniwia radhi, kuna watu nataka kuzungumza nao kwanza."

"Zungumza nao, mimi nina safari. Mbwa wangu ana joto humo ndani."

"Mfungulie mlango apate hewa. Nitarudi kwako."

Alianza na mwanamke wa gari la tatu, aliyekuwa nje na kikombe chake, akitikisa kichwa kwa huzuni ya kupendeza.

"Mungu amrehemu," alisema mwanamke, "lakini alitunyima usingizi, mzee yule. Saa za kimya za usiku zote ngurumo! Ubinafsi huo, afande. Na ndiyo aliyoyavuna."

"Uliiona jenereta yake ikiwaka?"

"Nilisikia."

"Ulijuaje ni ya kwake?"

"Watu wamesema asubuhi."

"Nani?"

Mwanamke aliwaza. Alikuwa ameambiwa na mume wake. Mume, alipoulizwa, alikuwa ameambiwa na Lyle Pettibone, mwangalizi wa kambi. Urquidi akaenda mpaka langoni. Pettibone alikuwa mstaafu wa kujitolea, na kwa kujitolea huko alipewa nguzo pekee ya umeme katika kambi yote. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari-nyumba lake, akila mayai kwenye sahani ya karatasi.

"Ngurumo ya usiku uliisikia, bwana Pettibone?"

"Niliisikia, afande."

"Si kazi yako kumgongea mlango anayewasha saa za kimya?"

Uma ulisimama hewani. "Ni kazi yangu."

"Uligonga?"

"Upepo ulikuwa umetulia baada ya siku mbili, kitanda kikawa kitamu... Nilivuta blanketi kichwani. Nikasema, nitamsema asubuhi."

"Utamsema nani?"

"Yeyote aliyekuwa anawasha. Sikujua ni nani. Asubuhi Roscoe ndiye aliyenijia, akaniambia, 'Mzee Harlan leo kalipiza kisasi, kawasha yake usiku mzima.' Nami nikawaambia wengine."

"Ukawaambia wengine," alirudia Urquidi. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, akaishusha. "Mtu mmoja kasema, ninyi mkaeneza kama mbegu, na sasa kambi nzima 'imesikia'. Hata kichwa hukutoa dirishani, bwana Pettibone. Ungekitoa tu, yule mzee leo angekuwa anakula mikate yake ya maharage."

Pettibone aliweka sahani chini. Hakuigusa tena.

"Nijibu moja tu," alisema Urquidi. "Gari-nyumba lako lina jenereta ya ndani, kama la Harlan?"

"Karibu sawa. La kwake kuukuu zaidi."

"Inakunywa petroli ya tangi lilelile la gari?"

"Lilelile."

"Ikinguruma bila kuzimwa, inakunywa mpaka wapi?"

"Mpaka robo, kisha inazima yenyewe. Mrija wake umekatwa mfupi, haufiki chini ya tangi. Waliotengeneza walijua wazee tunasahau, wakatuachia robo ya kufika kituo cha petroli." Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likamfia mdomoni. Alikuwa ameelewa. "Haskew anasema la Harlan limekauka kabisa."

"Vaa viatu," alisema Urquidi. "Twende wote."

Walipofika, watu walikuwa wameanza kukusanyika, kila mmoja akijifanya ana shughuli karibu na hapo. Dunnigan alikuwa ameegemea trela lake, mikono kifuani. Mbwa mnene alihema mlangoni.

"Bwana Dunnigan, nieleze ya usiku. Wewe ndiye jirani wa karibu."

"Nimeshamweleza Haskew."

"Mimi sina masikio ya Haskew."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Dunnigan alipumua kwa pua.

"Sawa, mwanamke wa sherifu, sikiliza vizuri nisirudie. Mzee aliyekuwa anatuhubiria kimya kila siku, mke wake kaondoka kidogo tu, kawasha jenereta yake. Usiku kucha. Kulipokucha ikaanza kukohoa, puh, puh, kama inayoishiwa mafuta. Ikazima. Nikasema, afadhali. Sikujua na yeye kazima. Pole yake."

"Ulisikia ikiishiwa mafuta."

"Kwa masikio yangu haya."

"Umewahi kuwa na gari-nyumba la namna ile?"

"Mimi?" Aligeuka kwa watazamaji, akitafuta wa kucheka naye. "Masanduku yale ya wazee? Mimi ni mtu wa trela tangu zamani. Jenereta yangu naibeba mkononi, naiweka ninapotaka, inakunywa mpaka tone la mwisho, namimina nyingine."

"Mpaka tone la mwisho," alisema Urquidi. "Bwana Pettibone, mwambie za kwenu zinakunywa mpaka wapi."

Pettibone alimwambia. Hakuinua sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya, na kila mwenye gari-nyumba kati ya waliosimama pale alikuwa anaitikia kwa kichwa kabla hajamaliza. Wenye matrela ndio waliokuwa wanatazamana.

"Basi bomba lake bovu," alisema Dunnigan. "Kuukuu lile."

"Haliwezi kunyonya mahali lisipofika, liwe bovu au zima. Petroli ya chini ilitolewa na mtu, kwa mpira, kupitia mdomo wa tangi. Na mtu huyo alikuwa na haraka akamwaga. Petroli hulainisha lami. Nimeikanyaga." Alinyanyua mguu, akaonyesha soli. "Haskew, tazama nyuma ya gari la huyu bwana, unihesabie madumu yaliyojaa. Mtu anayesafiri baada ya siku mbili za dhoruba, viyoyozi viwili vikiwaka, angekuwa na madumu matupu."

Haskew hakusita safari hii. Alifungua, akatikisa dumu moja, la pili, la tatu. Yote yalikuwa mazito.

"Petroli yangu niliyonunua!" Dunnigan alifoka. "Kununua mafuta ni kosa Texas siku hizi?"

"La. Wala kuosha ukuta si kosa." Urquidi aliingia katika nafasi nyembamba kati ya trela na gari-nyumba la Stubblefield. Ukuta wa gari-nyumba ulikuwa umepakwa vumbi la dhoruba kuanzia paa mpaka magurudumu, rangi yake ya asili haionekani. Lakini chini kidogo ya dirisha lile la kitanda, kimo cha goti, palikuwa na duara safi, linang'aa, na michirizi ya maji yaliyokaukia chini yake. "Mama Stubblefield, uliosha hapa?"

"Kwa maji gani?" Twyla alikuwa ameshuka ngazi. "Hapa mtu anapigia mswaki kwa nusu kikombe. Sahani tunapangusa kwa karatasi. Niosheje ukuta?"

"Na Harlan?"

"Harlan angeosha ukuta kabla ya kusafisha paneli zake?"

"Ndivyo ninavyoona na mimi. Kuna mtu alimwaga maji mengi mahali pamoja tu, kwenye nyumba isiyo yake, katika kambi ambayo maji ni dhahabu. Alikuwa anaosha nini, bwana Dunnigan? Hewa ilikuwa imetulia usiku. Jenereta ikisimama hapa, ekzosi imeelekea huku, itaacha masizi kwenye ukuta. Na moshi utapanda na kuingia pale." Alionyesha dirisha. "Mzee hana feni, betri zimekufa, kafungua dirisha apate hewa. King'ora kimekufa na betri. Upande wa pili wa trela lako kuna uwanja mtupu wote ule, mpaka kwenye mlima. Kwa nini uliiweka huku?"

Dunnigan alimtazama Haskew, akamtazama Pettibone. Hakuna aliyempokea.

"Mbwa alikuwa na joto," alisema.

"Mbwa angepoa jenereta ikiwa upande wowote."

"Alinidhalilisha! Mbele ya watu wote hawa! Kituo cha petroli! Mpaka watoto walikuwa wananiita hivyo nikienda kutupa taka." Shingo yake ilikuwa imevimba. "Nilitaka tu akose usingizi. Usiku mmoja! Basi. Nilitaka ajue kelele ni nini. Asubuhi nikachungulia nione amenuna vipi, nikamwona... Nilifanya nini mimi? Sikumgusa. Sikumgusa hata kwa kidole!"

"Halafu ukanyonya petroli yake."

"Ningefanyaje? Mngesema nimemuua!"

Minong'ono ilipita kati ya watu, ikakatika. Yule mwanamke wa kikombe alikuwa anatazama viatu vyake. Urquidi alitoa pingu, akamgeuza Dunnigan uso kwenye trela lake mwenyewe, akamfunga. Hakupinga. Haskew alivua kofia, akamsogelea mjane, akaanza kusema kwamba yale aliyomwambia asubuhi...

"Kaa hapo ulipo," Twyla alimkata. "Sijakuita wewe."

Alimpita, akampita Urquidi, akasimama karibu na Dunnigan mpaka mbwa akanusa kiatu chake. Urquidi alinyoosha mkono amzuie, akauacha.

"Nataka kitu kimoja," alisema Twyla. "Aliamka?"

Dunnigan alimtazama mbwa.

"Nimekuuliza. Nimekuta mto wake chini, miguu yake imeshuka kitandani. Mtu anayefia usingizini hashushi miguu. Aliamka?"

"Huna haja ya kumjibu, bwana Dunnigan," alisema Urquidi, kwa kuwa sheria ilimtaka aseme. "Una haki ya kunyamaza."

Lakini mwanamume yule alikuwa ameshaanza kulia, kilio cha mtu anayejihurumia, na wanaojihurumia hawawezi kunyamaza.

"Aligonga," alisema. "Kwenye ukuta, upande wake. Nilisikia. Kwanza kwa nguvu, halafu polepole. Nilidhani ananifokea. Nilidhani ananiambia nizime. Nikasema, leo utakoma, mzee. Nikaongeza sauti ya televisheni."

Juu ya mlima jua lilikuwa limevuka bega, na joto likashuka uwanjani mara moja.

"Harlan hakuwa anafoka kwa ngumi," alisema Twyla. "Akitaka kukufokea angekuja mlangoni kwako, akakuita jina lako lote. Unamjua, alishawahi kuja. Hakuwa anakufokea, Roscoe Dunnigan." Sauti yake ilipasuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Alikuwa anabisha hodi. Alikuwa anakufa, anakubishia wewe hodi, maana ndiye jirani aliyekuwa naye. Nawe ulikuwa humo ndani. Umesikia hodi ya mtu, ukaongeza televisheni!"

Urquidi alimshika Dunnigan mkono. Wakati anatoka mjini alidhani angerudi na ajali. Dakika chache zilizopita alidhani angerudi na uzembe. Sasa aliwageukia Haskew na Pettibone, mmoja baada ya mwingine.

"Mmesikia alichosema?"

"Nimesikia," alisema Haskew.

"Kuhusu kugonga?"

"Nimesikia, afande."

Pettibone aliitikia kwa kichwa.

"Mtayasema hayo mbele ya hakimu, kwa maneno yenu wenyewe. Na safari hii mmesikia wenyewe, hamkuambiwa na mtu." Akamsukuma Dunnigan mbele. "Tembea."

Watu walipisha njia. Nyuma yao Twyla Stubblefield alipanda ngazi, akainama dirishani, akalifunga.